Harar kwa begi la mgongoni: hela inaliwa njiani, mjini kwenyewe ni nafuu

Mguu Niponye (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila uzi wa safari humu ni Dubai, Guangzhou na Cape Town, utadhani Mungu hakuumba miji mingine. Leo naleta Harar, mashariki ya Ethiopia. Ni mji wa kale juu ya milima, kama mita 1,885 toka usawa wa bahari, yaani juu kidogo ya Nairobi. Sehemu ya zamani inaitwa Jugol na imezungushiwa ukuta wa karne ya 16, enzi za Emir Nur ibn Mujahid. Eneo la ndani halizidi kilomita moja ya mraba, lakini UNESCO walipouingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2006 waliandika misikiti 82 na maziara 102. Misikiti 82 mahali unapoweza kukatiza toka lango hadi lango kwa robo saa! Mingi ni midogo, unaweza kuupita ukadhani ni ua wa nyumba ya mtu.

Neno langu kwa asiye na hela ni moja. Harar haimalizi pesa, barabara ya kwenda Harar ndiyo inayomaliza. Kwa hiyo usifanye ule mtindo wa kufika jioni, kupiga picha na fisi, asubuhi unageuza. Umeshalipa gharama kubwa kufika pale, basi kaa. Siku ya tano ndani ya ukuta inakugharimu chumba, sahani mbili za chakula na kahawa, basi.

Kufika. Addis Ababa utafika kwa ndege au kwa mabasi kupitia Moyale. Toka Addis shabaha yako ni Dire Dawa, mji wa joto uliopo bondeni, na njia ni tatu.

Ndege ni kama saa moja angani. Ukija Addis na Ethiopian Airlines toka Dar, Kilimanjaro, Zanzibar au Nairobi, tiketi zao za ndani hushuka bei kwako kuliko kwa aliyekuja na shirika jingine. Wengi hawalijui hili, wanakata tiketi ya ndani kivyake na kulipa zaidi.

Treni ni ile ya umeme ya Addis kwenda Djibouti, ilianza biashara Januari 2018. Haitoki kila siku na stesheni ziko nje ya mji kote kuwili, kwa hiyo weka na hela ya teksi.

Basi linachukua siku nzima na linaondoka alfajiri. Milima ya baada ya Awash ni mizuri mno, ila njia hiyo ina vipindi vya usalama kuchafuka. Usikate tiketi kwa kusoma uzi wa mwaka juzi, ukiwemo huu utakapokuwa wa mwaka juzi. Uliza Addis siku moja kabla, uliza watu watatu, na mmoja wao asiwe anauza tiketi.

Dire Dawa usiiruke. Reli ya zamani ya Wafaransa ilishindwa kupanda mlima kwenda Harar, ndipo mwaka 1902 ukaanzishwa mji huu chini. Harar iliyokuwa kitovu cha biashara ikaachwa juu huko na kuta zake. Wenye mji waliumia, lakini nadhani ndiyo sababu leo Jugol bado ni Jugol. Tembea asubuhi mtaa wa Kezira wenye miti, jua likikaza panda hiasi. Inachukua kama saa moja kupanda, unapita Haramaya, halafu Awaday penye soko la mirungi ambalo ukiliona utaelewa Somalia na Djibouti wanakula nini.

Mtu wetu ana faida moja kubwa kule: saa. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, tangu kuche. Ukiambiwa basi ni saa kumi na mbili asubuhi, ni saa kumi na mbili yetu hii hii. Wazungu pale stendi wanahangaika kujumlisha na kutoa, wewe umekaa. Kalenda ndiyo ya kuangalia: iko nyuma miaka saba hadi minane na ina miezi kumi na tatu. Tiketi ikiandikwa tarehe ya kwao, mwambie karani akuandikie na ya kwetu pembeni.

Malazi. Ndani ya ukuta zipo nyumba za Kiharari zinazopokea wageni. Si bei ya chini kabisa, gesti za nje ya ukuta zinashinda kwa unafuu, lakini hapa usibane. Bana kwingine. Sebule yote ni majukwaa ya udongo yaliyopakwa rangi nyekundu, wanayaita nadaba, na kila jukwaa lina mwenyewe: la baba mwenye nyumba, la wazee, la wanafunzi wa dini, la wageni wa kawaida. Ukutani vikapu vya rangi toka chini hadi juu. Ukiona mazulia yamekunjwa na kuwekwa juu ya mlango, ujue humo kuna binti wa kuolewa. Na kuna kichumba kidogo pembeni walikofungiwa maharusi siku za mwanzo, chakula kikipitishwa dirishani.

Maji ni tatizo la miaka mingi. Ziwa Haramaya lililokuwa likiulisha mji lilikauka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uliza kabla ya kulipa chumba kama kuna tanki, au utaoga kwa kopo na dumu. Sisi tuliokulia uswahilini hilo wala si habari.

Kula. Asubuhi ful na mkate, au fatira, ile chapati yenye yai na asali. Mchana injera, ile chapati yao pana na laini yenye uchachu. Jumatano na Ijumaa Wakristo wao wanafunga, mikahawa yao inatoa sahani ya mboga mchanganyiko juu ya injera, ndiyo rafiki wa mfuko wako. Nyama ya ngamia na maziwa yake vipo kwa Wasomali. Halua ya Harar nunua ya kula njiani. Kahawa kwenye vibanda, na wazee watakupa kuti, kinywaji cha majani ya mbuni.

Bei za birr, pesa yao, sitaji. Julai 2024 serikali iliiachia birr ielee. Dola ilikuwa karibu birr 57 benki, ikavuka 100 ndani ya wiki chache. Bei yoyote uliyosoma ya kabla ya hapo itupe.

Kutembea. Chukua mwongozaji mwenye kitambulisho siku ya kwanza tu, nusu siku, mkubaliane bei kabla hamjanyanyua mguu. Akuonyeshe malango matano ya zamani, nyumba inayoitwa ya Ras Tafari, ndiye Haile Selassie aliyekuja kuwa mfalme, ambayo sasa ni makumbusho ya Abdullahi Sherif yenye misahafu ya mkono na sarafu zilizogongwa Harar yenyewe, na uchochoro wa mafundi cherehani wa Makina Girgir. Kuanzia siku ya pili potea mwenyewe. Ukipotea ukashuka utafika ukutani, ukipanda utafika Feres Magala, uwanja wa katikati ya mji. Huwezi kupotea ukapotelea.

Shughuli zako zote maliza kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo nusu ya mji imekaa na mirungi, na hata muuza duka atakujibu kwa macho.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni.

---

Kapuku Mtalii

Mkuu uzi umeshiba. Viza je kwa Mtanzania? Na pesa nabeba vipi, ATM zipo?

Mguu Niponye

Viza ya mtandaoni, omba kwenye tovuti ya serikali yao wenyewe. Kuna tovuti nyingi za madalali zinazofanana nayo na zinakamua. Kadi ya homa ya manjano tembea nayo kwenda na kurudi. Pesa beba dola taslimu safi zisizochanika, badili benki. ATM zipo ila usiziwekee roho yako rehani, siku umeme ukikatika utalala na kadi yako mfukoni.

Kijana wa Rongai

Niaje wazee. Kwa Wakenya hakuna viza, ni muhuri tu. Mimi nilipanda basi Eastleigh mpaka Moyale, lami yote siku hizi, si kama zamani mlivyokuwa mnasafiri na msafara wa polisi. Moyale unavuka kwa miguu, unalala ng'ambo, alfajiri unadandia gari la kwenda juu. Ni mbali, kiuno kitakukumbuka, lakini ukilinganisha na ndege umeokoa za kukaa Harar wiki nzima. Nakubaliana na mwenye uzi kwa yote isipokuwa kuwatisha watu basi. Nimepanda basi Addis mpaka Harar, nimefika, nimekula.

Na laini: Safaricom wako huko, tena mtandao wao wa kwanza Ethiopia waliuwasha Dire Dawa, Agosti 2022. Lakini usidhani laini yako ya Nairobi ndiyo hiyo hiyo. Nunua ya kule na pasipoti yako.

Mguu Niponye

Kijana wa Rongai, ulifika na nashukuru Mungu ulifika. Lakini uliyefika ndiye unayeandika humu. Mimi sikatazi, nasema uliza kwanza.

Fedha Taslimu

Yaani mtu unatoa nauli, unaenda kulala nyumba ya udongo, unaoga na kopo, unakula maharage ya ful. Si uende kwa bibi yako Singida bure? Hiyo hela ungeongezea ukapata kiwanja Kibaha.

Kapuku Mtalii

Fedha Taslimu kila uzi wewe ni kiwanja. Umeshajenga vingapi?

Nyanda wa Shinyanga

Mimi nimekwama kwenye fisi. Hebu fafanua. Usukumani fisi akionekana usiku karibu na nyumba, kesho yake kuna kikao cha ukoo kuuliza ni wa nani. Huko mnapiga naye picha?

Mguu Niponye

Mkuu, jioni giza likiingia, nje ya ukuta, kuna mtu anawaita fisi kwa majina na kuwalisha nyama kwa kijiti. Wakubwa, wale wa madoa. Ukilipa na wewe unapewa kijiti, jasiri anakishika kwa meno. Maonyesho haya ni ya karne iliyopita tu. Kinachosimuliwa kuwa cha kale ni uji: ilipotokea njaa, watu waliwapikia fisi uji wawaache salama, na hadi leo wakati wa Ashura kuna desturi ya kuwawekea uji wenye samli na kutazama wanavyoula ili kujua mwaka utakuwaje. Chini ya ukuta kuna matundu wanapopita usiku kuingia mjini, wanasafisha mabaki ya sokoni. Wenyeji wanaamini fisi anakula majini, ndiyo maana hawamfukuzi.

Ushauri wa bajeti: huna haja ya bajaji wala kifurushi cha fisi kinachouzwa hotelini. Nenda kwa miguu na wenzako wa gesti, mlipe pale pale. Kurudi ndiyo usirudi peke yako.

Nyanda wa Shinyanga

Anakula majini?! Basi yule wa kwetu alikuwa anatusaidia tukampiga mishale.

Mwana wa Langoni

Assalam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwenyeji wa Lamu na Harar nimefika na mume wangu. Nilivyoingia vichochoro vile nilihisi niko Langoni, kasoro bahari na punda wachache. Lakini msitoke humu mkidhani ni mji wa maonyesho. Kwanza misikiti ni ya kusalia, asiye Muislamu asijitie ndani na kamera. Picha za wanawake sokoni uliza kwanza, wengi watakataa na wengine watataka chochote, na wote wana haki.

Usiku wa kuamkia Ijumaa kwenye ziara ya Sheikh Abadir, ambaye wenyewe wanamhesabu baba wa mji, kuna dhikri kwa ngoma na vibao vya mbao, mpaka usiku mwingi. Haina kiingilio. Vaa vizuri, vua viatu, kaa ulipokalishwa, ukipewa kahawa unywe. Nimeona watalii wametumia pesa nyingi kwa fisi na hawakujua kama kitu hiki kipo umbali wa vichochoro vitatu.

Mwali Asiyetulia

Dada Mwana wa Langoni, shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu. Nataka kwenda peke yangu. Mwanamke mmoja na begi, inawezekana?

Mwana wa Langoni

Marahaba mwanangu. Inawezekana. Lala ndani ya ukuta kwenye nyumba yenye mama mwenye nyumba, si gesti ya juu ya baa. Mtandio uwe nao shingoni wakati wote, hata kama si Muislamu utakusaidia. Saa za mchana maneno ya vijana ni mengi ila ni maneno tu, jibu kwa salamu uendelee. Usiku usitembee peke yako, na hapo si fisi ninaowasema. Jambo jingine: sisi weusi wa huku hatuitwi faranjo kama Wazungu. Watakusemesha Kioromo au Kisomali kwanza, watashangaa hujibu. Ukisema umetoka Tanzania au Kenya watakaa chini wakuulize habari. Kiarabu kidogo kinafaa kwa wazee, Kiingereza kwa wanafunzi.

Mguu Niponye

Naongezea kwenye hili la faranjo: sokoni utauziwa bei ya mwenyeji mpaka utakapofungua mdomo. Kwa hiyo simama pembeni, sikiliza mwenzako analipa ngapi, toa hesabu kamili mkononi.

Msomaji wa Zamani

Wakuu, mmemsahau Richard Burton, mpelelezi wa Kiingereza, yule yule aliyekuja kufika Ujiji mwaka 1858. Kabla ya kuja huku kwetu aliingia Harar Januari 1855, akitokea Zeila, bandari ya pwani ya Somalia, akakaa siku kumi akihofia emir hatamruhusu kutoka. Zama hizo Harar ilikuwa dola kamili. Ikaja kukaliwa na Wamisri 1875 hadi 1885, kisha Menelik, aliyekuja kuwa mfalme wa Ethiopia yote, akaishinda vitani Chelenqo na kuitwaa Januari 1887. Pale Feres Magala kuna kanisa limesimama palipokuwa msikiti, na wenyeji wengine watakwambia wekundu wa sebule zao ni damu ya waliokufa Chelenqo. Ukijua hilo unaangalia ile rangi kwa jicho jingine.

Kuhusu "nyumba ya Rimbaud", yule mshairi wa Kifaransa aliyeacha mashairi akaja kufanya biashara ya kahawa na bunduki: nyumba ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi baada ya Mfaransa mwenyewe kufa mwaka 1891. Wanakuuzia kiingilio kwa jina la mtu ambaye hakulala humo.

Mguu Niponye

Kweli kabisa, lakini kiingilio nalipa tena nikirudi. Juu kuna picha za Harar ya zamani na dirisha linaloonyesha mji wote, na nyumba yenyewe ya mbao ni nzuri bila kumhitaji Rimbaud. Mbona na sisi tuna nyumba za "Livingstone" alizolala usiku mmoja.

Kapuku Mtalii

Mirungi mkuu. Nikibeba kidogo kama zawadi?

Mguu Niponye

Kule ni halali, Kenya halali, Tanzania ni dawa ya kulevya kisheria. Beba kahawa. Kahawa ya Harar hukaushwa juani na ganda lake, ina harufu ya matunda, na ndani ya Jugol wapo wanaokukaangia na kusaga ukiwa umesimama. Ndugu zako watakushukuru na uhamiaji hawatakuuliza kitu.

Kijana wa Rongai

Mkiwa na siku ya ziada, Babile. Iko mashariki njia ya Jijiga, hiasi ni bei poa. Siku ya mnada wa ngamia fika asubuhi mapema. Mbele kidogo kuna bonde la mawe yaliyosimama juu ya mawe mengine, hujui yameshikwa na nini. Na teksi za Harar zilikuwa Peugeot 404, zimebaki chache. Babangu alikuwa fundi wa Peugeot, nilimtumia picha akanipigia hapo hapo anauliza kaburetaa wanatoa wapi.

Mwali Asiyetulia

Nafikiria kwenda mwakani baada ya Ramadhani. Ni wakati mzuri?

Mwana wa Langoni

Ndio wenyewe. Wanawake wa Harar hufunga sita za Shawwal mara tu baada ya Idi, zikiisha kuna Shuwalid, sikukuu yao wenyewe, usiku kucha ngoma na nyimbo. UNESCO wameiingiza kwenye orodha yao mwaka 2023. Waharari wa nje, wa Toronto na kwingine, wanarudi nyumbani, kwa hiyo vyumba vya ndani ya ukuta vinakwisha. Weka nafasi mapema, na bei usitegemee kupunguziwa.

Fedha Taslimu

Sijasema naenda. Nauliza tu: hiyo treni watoto wanalipa nusu?

Mguu Niponye

Nilisafiri bila mtoto mkuu, ulizia stesheni ya Addis ukishafika. Na uchukue pasipoti zao wote siku ya kukata tiketi, karani anataka kuiona ya kila abiria.